"He", "She" na "Yeye": Ugomvi wa Viwakilishi katika Programu Huria

Msafiri atokaye Dar es Salaam kwa Barabara ya Morogoro, baada ya mwendo wa kilomita zipatazo 40, hufika Maili Moja, Kibaha, mkoani Pwani. Katika mji huo huo ndipo lilipo Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza mwaka 1963 kwa ushirikiano wa Tanganyika na nchi nne za Nordic, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden. Mwaka 1970 shirika hilo lilikabidhiwa kwa serikali ya Tanzania, na hadi leo shule zake hufundisha vijana wa kike na wa kiume kutoka kila pembe ya nchi.

Wataalamu waliotoka nchi hizo nne hawakuwa na lugha moja. Mswidi anapomtaja mtu wa tatu hana budi kuchagua: husema "han" akiwa mwanamume, na "hon" akiwa mwanamke. Mfini hana haja ya kuchagua. Kwake yeye mwanamume ni "hän" na mwanamke ni "hän", kama vile katika Kiswahili kila mmoja wao ni "yeye". Kwa jambo hili Mfini aliyekuja Kibaha alikuwa karibu zaidi na Mzaramo kuliko na Mswidi aliyepanda naye ndege moja.

Tofauti hii yaonekana kuwa ndogo, tena ya wanasarufi peke yao. Hata hivyo, tangu mwaka 2013 imekuwa chanzo cha ugomvi mkali miongoni mwa watu ambao mtu asingetarajia wagombane juu ya sarufi, nao ni waandishi wa programu za kompyuta. Katika makala haya tutaeleza ugomvi huo ulitokeaje, hoja za pande zote mbili ni zipi, na kwa nini mwanafunzi wa Tanzania, ambaye lugha yake haina "he" wala "she", anahusika nao kuliko anavyodhani.

Programu huria ni nini?

Programu ya kompyuta ni mfululizo wa maagizo yanayoiambia mashine nini cha kufanya, hatua kwa hatua. Kampuni nyingi huyaficha maagizo hayo, hivyo kwamba mnunuzi hupata programu inayofanya kazi lakini hawezi kuona ilivyoundwa. Programu huria ni kinyume cha hayo. Maagizo yake, ambayo kwa jumla huitwa msimbo, huwekwa wazi, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuyasoma, kuyatumia, kuyarekebisha na kuwagawia wengine. Mwenye kuona kosa hupeleka pendekezo la marekebisho. Wasimamizi wa mradi hulichunguza, kisha hulikubali au hulikataa. Wengi wa watu hawa hujitolea, na aghalabu hawajapata kuonana uso kwa uso.

Mfano unaojulikana kuliko yote ni Linux. Iliandikwa kwanza mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Yeye ni mmoja wa Wafini ambao lugha yao ya kwanza ni Kiswidi, kwa hiyo alikulia katika mji ambamo lugha yenye "han" na "hon" na lugha yenye "hän" husikika mtaa mmoja. Leo kiini cha Linux ndicho kinachoendesha simu zote za Android, zikiwamo zile zilizomo mifukoni mwa wapita njia wa Maili Moja.

Tanzania nayo imo katika historia hii. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliofanywa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na wataalamu wa Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice, yaani mkusanyo wa programu huria za kazi za ofisini ambao maneno yake yote ya kumwongoza mtumiaji yalikuwa ya Kiswahili. Ili kuifanya kazi hiyo, watafsiri walilazimika kuamua istilahi nyingi ambazo hazikuwa zimepata kuandikwa kwa Kiswahili.

Jambo moja zaidi ni muhimu kwa yatakayofuata. Ndani ya msimbo huwamo maandishi ya namna mbili. Ya kwanza ni maagizo yenyewe, ambayo mashine huyatekeleza. Ya pili ni maelezo, ambayo mashine huyaruka bila kuyasoma, kwa kuwa yameandikwa kwa ajili ya binadamu watakaokuja kuurekebisha msimbo huo baadaye. Ugomvi wetu haukuhusu maagizo hata kidogo. Ulihusu maelezo.

Yaliyotokea mwaka 2013

Kuna kifurushi cha msimbo kiitwacho libuv, ambacho ni sehemu ya msingi wa Node.js, programu huria iliyoanza mwaka 2009 na ambayo hutumika sana katika kompyuta zinazohudumia mtandao wa intaneti. Katika maelezo ya kifurushi hicho, yaliyoandikwa kwa Kiingereza kama ilivyo desturi, mtumiaji wa programu alitajwa kwa kiwakilishi cha kiume. Mnamo Novemba 2013 mchangiaji mmoja alipeleka pendekezo la kubadili maneno hayo machache yawe "they", kiwakilishi cha Kiingereza kisichotaja jinsia.

Msimamizi mmoja wa mradi, aliyekuwa akijitolea, alilikataa pendekezo kwa sababu kwamba badiliko lilikuwa dogo mno kuwashughulisha watu. Msimamizi mwingine akalikubali. Yule wa kwanza akalitengua, akisema kwamba taratibu za mradi hazikufuatwa. Katika muda wa siku chache habari zikaenea, na watu wengi ambao hawakuwa wamepata kuandika hata mstari mmoja wa msimbo ule wakaingia kushutumu, wengine upande huu na wengine upande ule. Kampuni iliyokuwa ikiulea mradi wa Node.js ilitoa tamko la kumlaumu aliyekataa. Mwishowe maneno yalibadilishwa, naye mtu yule akajiuzulu usimamizi wa mradi.

Katika kujieleza kwake msimamizi huyo alitaja jambo ambalo halina budi kuwavutia walimu wetu wa lugha: Kiingereza hakikuwa lugha yake ya kwanza, na uzito ambao wengine waliuona katika neno lile yeye hakuuona.

Kisa hiki hakikuwa cha mwisho. Mwaka 2021, katika mradi wa SerenityOS, pendekezo la kuondoa "he" katika maagizo ya kuunda programu lilikataliwa, na mwaka 2024 habari hiyo ilifufuka na kuzusha malumbano makubwa kuliko ya mwanzo.

Hoja za pande mbili

Wanaotaka mabadiliko wana hoja ya kihistoria na hoja ya kisayansi. Kihistoria, wanasema, "he" ya kuwakilisha watu wote haikuwa sheria ya asili ya Kiingereza. "They" ya mtu mmoja ilikwisha kutumika tangu karne ya 14. Ni wanasarufi wa baadaye walioipendelea "he", hata mwaka 1850 Bunge la Uingereza likatunga sheria kwamba maneno ya kiume katika sheria zake yahesabiwe kuwa yanawahusu wanawake pia. Kisayansi, tangu miaka ya 1970 wanasaikolojia wamefanya majaribio mengi ambamo watu husomewa sentensi zenye "he" iliyokusudiwa kuwa ya wote, kisha huulizwa wamewaza nani. Majaribio hayo yameonyesha mara kwa mara kwamba wengi huwaza mwanamume. Basi msichana anayesoma maelezo ya programu na kukuta kila mahali mtumiaji ni "he", na mtaalamu ni "he", huambiwa kimyakimya kwamba hapo si mahali pake.

Wanaopinga nao wana hoja ambazo si haki kuzidharau. Wengine husema kwamba mradi wa programu una kazi yake, na kwamba kila badiliko, hata dogo, humtaka mtu wa kulisoma na kulipima. Wengine huona kwamba mtu aliyejitolea kwa miaka mingi huadhibiwa hadharani kwa neno moja, kana kwamba kazi yake yote si kitu. Wengine hukumbusha kwamba waandishi wa programu wametoka mataifa yote, na kwamba si haki kumhukumu mtu kwa vigezo vya lugha aliyojifunza ukubwani.

Hoja hii ya mwisho inatuhusu moja kwa moja. Kila mwalimu wa Kiingereza katika shule zetu amepata kusahihisha sentensi kama "My mother he is a teacher". Mwanafunzi aliyeiandika hakukusudia kumgeuza mama yake kuwa mwanamume. Lugha iliyomo kichwani mwake haikumtaka kamwe achague, na sasa analazimishwa kuchagua katika kila sentensi.

Kiswahili na ngeli ya watu

Hebu tuichunguze sentensi moja ambayo ingeweza kukutwa katika maelezo ya programu yoyote: "Mtumiaji akimaliza kazi yake, afunge faili alilolifungua." Mtumiaji ametajwa mara nne baada ya jina lake: katika "akimaliza", katika "yake", katika "afunge" na katika "alilolifungua". Hakuna hata mahali pamoja panapotuarifu kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa Kiingereza cha zamani sentensi hiyo ingehitaji "his" mara moja na "he" mara mbili au tatu.

Hali hii si ya Kiswahili peke yake, bali ni ya lugha za Kibantu kwa jumla. Lugha hizi huyagawa majina katika ngeli, na katika Kiswahili ngeli ya viumbe wenye uhai huwachukua wote pamoja: mtu, mke, mume, mtoto, hata simba na nzi. Wataalamu wa isimu huona kwamba ngeli zetu na jinsia za kisarufi za lugha za Ulaya ni jambo la namna moja, yaani njia ya kuyapanga majina katika mafungu na kuyalazimisha maneno mengine yapatane nayo. Tofauti ni kwamba Mfaransa huyapanga kwa uke na uume, nasi huyapanga kwa misingi mingine.

Kiswahili kimelinda tabia hiyo hata pale kilipokopa. Neno "mwalimu" limetokana na Kiarabu, ambamo mwalimu wa kiume na wa kike wana maneno mawili tofauti. Sisi tulichukua moja, tukaliacha liwafae wote. Vivyo hivyo "rafiki". Kiingereza kilipohangaika kuondoa neno "man" katika jina la mwongoza mkutano, Kiswahili kilikuwa na "mwenyekiti" tangu zamani, yaani mwenye kukalia kiti, awaye yote. Na katika miaka ya Ujamaa cheo cha "Ndugu" kilitumika kwa wanaume na wanawake bila tofauti, kwa sababu udugu wenyewe hauna jinsia.

Msomaji angeweza basi kuhitimisha kwamba ugomvi wa mwaka 2013 ungekwisha papo hapo laiti libuv ingeandikwa kwa Kiswahili. Hitimisho hilo lina ukweli nusu tu.

Pale Kiswahili kinapotulazimisha kuchagua

Tuchukue fomu ya kawaida ya kompyuta, yenye nafasi ya kujaza jina, umri na hali ya ndoa. Kwa Kiingereza nafasi ya tatu ina neno "Married", ambalo humfaa mume na mke sawasawa. Mtafsiri wa programu anapofika hapo hukwama. Akiandika "Ameoa", amewaacha wanawake. Akiandika "Ameolewa", amewaacha wanaume. Kiwakilishi chetu hakikutaja jinsia, lakini kitenzi chetu kimeitaja waziwazi, na zaidi ya hayo kimesema nani mtendaji na nani mtendwa. Mtafsiri atalazimika kuandika "Ameoa au ameolewa", au kutafuta njia ya tatu kama "Yumo katika ndoa". Hapa Kiingereza ndicho kisichouliza, na Kiswahili ndicho kinachouliza.

Mfano wa pili ni majina ya kazi. Mtaalamu wa serikali aliyekwenda vijijini kuwafundisha wakulima aliitwa kwa miaka mingi "bwana shamba", na mwenzake wa usafi na magonjwa aliitwa "bwana afya". Wanawake walipoingia katika kazi hizo ilibidi waundiwe "bibi shamba" na "bibi afya". Jina "afisa ugani" limeondoa tatizo hilo katika maandishi rasmi, ingawa mkulima shambani bado humwita mgeni wake kwa jina la zamani. Tukumbuke pia misemo yetu: anayehimizwa kuvumilia huambiwa "jikaze kiume", na habari za kazi za ufundi bado husema "fundi mwanamke", ilhali "fundi mwanamume" husikika kwa nadra, kana kwamba uume wa fundi hauhitaji kutajwa.

Tumeona basi kwamba kila lugha ina mahali pake pa kulazimisha. Kiingereza kimeuweka mtego katika viwakilishi. Kiswahili kimeuacha mlango huo wazi, kikauweka mtego katika vitenzi vya ndoa, katika majina ya kazi na katika misemo. Mwandishi wa programu anayejua lugha moja tu hauoni mtego wa lugha ya mwenzake.

Mashine ya kutafsiri

Hapa ndipo jambo linapoacha kuwa la adabu ya maneno, likawa la hesabu. Siku hizi programu hutafsiri kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza katika muda wa kufumba na kufumbua. Ikipewa sentensi "Yeye ni mhandisi", itafanya nini? Kiswahili hakikutaja jinsia. Kiingereza kinaidai. Mashine haina mahali pa kuuliza, kwa hiyo hubahatisha.

Hubahatisha kwa kutazama maandishi mengi mno iliyolishwa. Tuseme, kwa ajili ya mfano tu, kwamba kati ya sentensi 100 za Kiingereza zinazomtaja mhandisi, 70 zina "he" na 30 zina "she". Ikiwa mashine itachagua "he" kila mara, itapatia mara 70 katika 100. Ikiwa itachagua "he" mara 70 na "she" mara 30 bila kujua ni wapi, itapatia kwa wastani 0.7 × 0.7 + 0.3 × 0.3, yaani 0.58, au mara 58 katika 100. Mashine iliyoundwa ili ipunguze makosa itaiona njia ya kwanza kuwa bora. Matokeo yake ni ya ajabu: katika maandishi wanawake wahandisi walikuwa 30 kwa 100, lakini katika tafsiri wamekuwa sifuri. Mashine haikuonyesha tu upungufu uliokuwapo, bali iliuzidisha. Nayo haikumchukia mtu yeyote, ilitii hesabu.

Jambo hili limekwisha kupimwa. Watafiti wa chuo kikuu kimoja cha kusini mwa Brazil walichukua sentensi fupi za kutaja kazi katika lugha 12 zisizoonyesha jinsia katika kiwakilishi, Kiswahili na Kifini zikiwamo, wakazipitisha katika programu ya Google ya kutafsiri. Katika matokeo waliyoyatangaza mwaka 2018 walionyesha kwamba programu ile ilielekea kuchagua "he", hasa kwa kazi za sayansi na ufundi, tena kwa kiasi kilichozidi hesabu halisi ya wanaume katika kazi hizo nchini Marekani. Mwaka huo huo, mnamo Desemba, Google ilianza kutoa tafsiri mbili, ya kike na ya kiume, kwa baadhi ya lugha, na kwa sentensi nzima ilianza na Kituruki, ambacho nacho kina kiwakilishi kimoja kwa wote.

Nani aandikaye?

Msomaji aweza kuuliza kama viwakilishi ndivyo vinavyowaweka wanawake mbali na programu huria. Hakuna aliyethibitisha hivyo, na mtu mwangalifu hatadai hivyo. Lakini kwamba wako mbali, hilo halina shaka. Katika uchunguzi uliofanywa na GitHub mwaka 2017, ambao uliwauliza watu zaidi ya 5,000 wa miradi huria, asilimia 95 ya waliojibu walikuwa wanaume na asilimia 3 wanawake. Hali haikuwa hivi mwanzoni mwa fani. Ada Lovelace wa Uingereza alichapisha mwaka 1843 maelezo ya hatua za kufuatwa na mashine ya hesabu iliyokuwa bado haijaundwa, na ENIAC, kompyuta kubwa ya Marekani iliyotangazwa mwaka 1946, ilipangiwa kazi zake na wanawake sita.

Uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2017, ulilinganisha mapendekezo yaliyopelekwa na wanawake na yaliyopelekwa na wanaume katika miradi ya GitHub. Kwa jumla mapendekezo ya wanawake yalikubaliwa zaidi, kiasi cha asilimia 79 dhidi ya 75. Lakini watafiti walipowatazama wageni tu, yaani wachangiaji wasiojulikana katika mradi, walikuta jambo jingine. Wanawake ambao jinsia yao haikuweza kutambulikana walikubaliwa kwa asilimia kama 72. Wale waliotambulikana kwa jina au picha walikubaliwa kwa asilimia kati ya 62 na 63. Wanaume nao walishuka walipotambulikana, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Matokeo haya yanatupa funzo juu ya "yeye". Pale jinsia isipojulikana, kazi hupimwa kwa ubora wake. Na kwa maana hiyo kiwakilishi chetu ni neema. Lakini jina na picha haviondolewi na sarufi. Lugha isiyotaja jinsia huweza kumkinga mtu asibaguliwe, na huweza pia kumficha asionekane kama amebaguliwa. Anayesoma taarifa ya Kiswahili isemayo "mhandisi alikataliwa, naye akaondoka" hajui kama aliyekataliwa ni msichana, na hivyo hawezi kuuliza kama wasichana hukataliwa mara nyingi.

Waswidi wametoa mfano wa njia nyingine. Wakitambua pengo la lugha yao, walianza kutumia kiwakilishi cha tatu, "hen", kinachofanana na "hän" ya jirani zao Wafini. Mwaka 2015 neno hilo liliingizwa katika orodha rasmi ya maneno ya Akademia ya Sweden. Halikuwafuta "han" na "hon", liliongeza chaguo. Kiswahili kiko upande wa pili: kina "yeye" tayari, na kikihitaji kutaja jinsia kina "wa kike" na "wa kiume" za kuongeza kwa hiari. Uhodari wa mwandishi ni kujua lini kutaja kunasaidia na lini kunadhuru.

Majaribio ya darasani

Walimu wanaweza kufanya majaribio matatu yafuatayo bila gharama kubwa.

Jaribio la kwanza lahitaji simu moja yenye programu ya kutafsiri. Wanafunzi waandike sentensi 20 za mfano wa "Mhandisi amesahau kofia yake", wakibadili jina la kazi kila mara: muuguzi, rubani, mpishi, fundi wa magari, mwalimu wa awali, mwanasayansi na kadhalika. Wazitafsiri kwa mashine, wahesabu "his", "her" na "their", kisha wachore jedwali. Darasa la hisabati liikokotoe asilimia. Darasa la lugha lijadili sababu. Zoezi lirudiwe baada ya muhula mmoja, kwa kuwa programu hizi hubadilishwa mara kwa mara.

Jaribio la pili ni la vitabu. Kila kikundi kichukue sura moja ya kitabu cha fizikia cha Kiingereza, kihesabu mara ngapi mtu anayefanya jaribio ni "he", mara ngapi ni "she", na mara ngapi hakutajwa jinsia.

Jaribio la tatu ni la ubunifu. Wanafunzi waunde fomu ya Kiswahili ya kuandikisha wanachama wa klabu ya sayansi, pamoja na mzazi au mlezi wa kila mmoja na hali yake ya ndoa, bila neno lolote litakalomwacha mtu nje. Wataona upesi kwamba kazi hiyo si rahisi, na kwamba ndiyo kazi iliyowakabili watafsiri wa programu.

Mji wa Kibaha una bahati ya kuwa na shule ya sekondari ya wavulana na ya wasichana zilizo jirani, katika shirika moja. Matokeo ya shule mbili yangeweza kulinganishwa, kwa maana huenda wasichana na wavulana wakayapa maneno yale yale uzito tofauti.

Neno la mwisho

Programu huria ni mojawapo ya milango michache ya sayansi ambayo kijana wa Tanzania anaweza kuuingia bila maabara ya thamani wala tiketi ya ndege. Atakapoingia atakuta maandishi ya Kiingereza, na atatakiwa aandike kwa Kiingereza. Siku moja ataandika "he" mahali pasipostahili, si kwa dharau, bali kwa sababu lugha yake haikumfundisha kuogopa hapo. Mwenye kumsahihisha na afanye hivyo kwa upole wa mwalimu wa lugha, naye akubali kusahihishwa bila kuona kwamba amevunjiwa heshima. Badiliko la neno moja halichukui hata dakika moja. Kilichowagharimu watu wa libuv mtu wao mmoja ni jinsi walivyosemezana.

Kwa upande wetu, tusijivunie "yeye" kana kwamba ni kazi tuliyoifanya. Tumeirithi. Iliyo kazi yetu ni kuhesabu ni wasichana wangapi wamo katika darasa la kompyuta, ni nani hukaa mbele ya mashine na nani husimama nyuma akitazama, na ni nani huambiwa ajikaze kiume. Hayo hayamo katika ngeli yoyote, na hakuna mtafsiri, awe mtu au mashine, atakayetusahihishia.